Senene wa Rangi ya Krimu

Juzi asubuhi, kabla sijanawa uso, mzee jirani alisimama langoni na kisado mkononi kuniuliza senene wangu nauzaje. Nyuma yake walikuwepo watoto watatu wenye bakuli, na nyuma ya watoto bodaboda mmoja aliyekuwa amezima pikipiki ili aisikie bei vizuri. Nikasema, "Shikamoo mzee. Siuzi senene." Akaitikia marahaba huku akichungulia uani juu ya bega langu. Huko milango kumi na minne ya makabati yangu ya jikoni ilikuwa imeegemezwa ukutani, imejaa senene kuanzia juu hadi chini, wengine wakiwa bado wanatikisa papasi. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena.

"Sasa mwanangu," akasema, kwa upole ule wazee wanaouhifadhi kwa ajili ya wagonjwa, "hawa wa krimu wanaliwa?"

Ilipofika saa nne habari ilikuwa imeshafika Omurushaka. Nilikwenda kununua tina, na muuza nyanya ambaye hajawahi hata kunisalimia akaniita Mama Senene. Aliniuliza kama ni kweli siku hizi natumia rangi badala ya mabati, na kama hiyo rangi inauzwa kwa lita moja moja au lazima ununue kopo kubwa. Mwenzake wa meza ya pili alikuwa ameshamweleza kuwa ni mtindo mpya kutoka Uganda.

Ni makabati tu. Nilitaka makabati yapakwe rangi.

Makabati yenyewe ni ya mvule, yalitengenezwa na seremala wa zamani ambaye hakuwa na haraka wala hakuogopa uzito. Mlango mmoja ukikuangukia mguuni unakwenda Nyakahanga hospitali. Nilipoulizia mapya, haya ya ubao wa unga uliogandishwa kwa gundi, nilitajiwa bei nikaomba irudiwe nikiwa nimekaa. Tena ubao huo ukinywa maji pembeni unavimba, na Karagwe hakuna kitu kisichokunywa maji kuanzia Septemba. Kwa hiyo shauri lilikuwa wazi: mbao ni nzima, bawaba ni nzima, kilichokufa ni sura. Vanishi ilikuwa imegeuka nyeusi penye vishikio. Milango ya karibu na meza ya kumenyea ndizi ilikuwa na madoa ya utomvu, na utomvu wa ndizi ukishaingia kwenye shati au kwenye ubao, umehamia. Juu ya jiko kulikuwa na utando wa kahawia unaonata.

Utando huo una historia yake. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo. Mimi nilitii kwa bidii. Mtungi wa gesi ukaingia jiko la ndani, lile ambalo kwa miaka yote lilikuwa la kuonyesha wageni, na mvuke wa kukaangia ukaingia nao. Msimu ukifika, hapo juu hukaangwa senene. Senene hakaangwi kwa mafuta ya dukani. Ukimkausha, zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni mafuta, kwa hiyo anajikaanga mwenyewe na ya ziada anayapeleka kwenye milango ya makabati. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili.

Fundi nilielekezwa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa. Sifa yake ilikuwa kwamba amewahi kupaka makabati ya mtu wa bati. Kyerwa wamechimba bati tangu enzi za Mwingereza, na duniani kote bati ndilo linalopakwa ndani ya makopo ya chuma yasishike kutu, ndiyo maana nilivutiwa: mtu wa bati, nikawaza, lazima ajue kopo zuri na baya. Fundi alifika na tope hadi magotini. Akagonga mlango mmoja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga wa pili.

"Siku mbili, mama."

Karatasi ya makadirio aliyoniandikia ilikuwa na mstari mmoja: *Rangi kabati*. Chini yake pesa. Chini ya pesa, kianzio.

Awali alitaka kupuliza. Ujuzi wake aliupata kwenye matangi ya pikipiki, na wapulizaji wa magari na pikipiki wanaipenda ile rangi ya selulosi ambayo wengine bado huiita duko. Hii ni rangi ya ajabu na inastahili heshima. Kabla yake, kiwanda cha magari kilihitaji wiki kadhaa kumaliza kupaka gari moja, koti juu ya koti, na magari yalijaa maghalani yakingoja kukauka. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ikatoa Duco, kazi ya wiki ikawa ya saa. Siri yake ni kwamba haibadiliki chochote: vimumunyisho vinapaa, rangi inabaki imeganda. Lakini vinapaa kwa kasi kiasi kwamba vinaupoza uso wa ubao, na hewa ikiwa na unyevu, maji yanatua juu ya rangi mbichi na kuigeuza nyeupe ya maziwa. Hewa ya Karagwe mwezi Novemba ina unyevu hata ndani ya sanduku la nguo. Fundi alijaribu ubao mmoja wa rafu, ukapauka mbele ya macho yetu. Akaufunika kwa gazeti, kwa adabu, na akasema tutatumia brashi na rangi ya mafuta.

Hapa ndipo nilipopata elimu ambayo sikuiomba. Seremala mzee wa Kayanga, ambaye nilimfuata baadaye ili nipate wa kumlalamikia, alinikalisha kwenye benchi lake na kunifundisha rangi ya mafuta mpaka jioni, na nakiri nilisahau hata kilichonipeleka.

Rangi ya maji hukauka kwa maji kuondoka, basi. Rangi ya mafuta ina mambo. Tina ikishapaa, mafuta yanabaki, na hayana pa kwenda. Yanaanza kuvuta oksijeni kutoka hewani, na kila chembe inayoivuta inashikana na jirani yake, na jirani na jirani yake, mpaka mafuta yote yanakuwa utando mmoja usioyeyuka tena. Kwa maneno ya yule mzee, rangi ya mafuta haikauki, inapumua mpaka inakuwa ngumu. Ndiyo maana kopo lililoachwa wazi hufunga ngozi juu na chini likabaki majimaji. Ndiyo maana pia fundi mwenye haraka akipaka koti zito, juu panafunga, pumzi inakatika, chini panabaki pabichi, na baada ya siku chache ngozi inajikunja makunyanzi. Rangi inayoonekana imekauka kwa kidole inaweza kuchukua wiki nyingine kadhaa kabla ya kuwa ngumu kweli. Baridi inaichelewesha. Unyevu unaichelewesha. Sisi tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya mvua za vuli. Vyote viwili tunavipata bure.

Kisha mzee akaniuliza ni mbao gani. Nikasema mvule, kwa majivuno. Akacheka mpaka akashika kiuno.

Mvule una dawa yake ndani. Ndiyo inayowafanya mchwa na ukungu waupite na kwenda kwa maskini wengine, na ndiyo inayoupa bei. Lakini dawa hiyohiyo huzuia mafuta ya rangi yasishike oksijeni. Mti unaojilinda dhidi ya wadudu kwa miaka mia unajilinda vilevile dhidi ya fundi wako. Unaweza kupaka rangi ya mafuta juu ya mvule mtupu ukaikuta kesho yake inanata, na keshokutwa inanata, na hakuna kibaya kwenye rangi wala kwenye brashi. Mtiki nao una tabia hiyo.

Tiba ipo. Kwanza unaosha: maji ya moto, sabuni, magadi au soda, tena na tena, mpaka kitambaa kirudi cheupe, kwa sababu rangi ikikutana na mafuta hujikunyata na kuacha vishimo vya mviringo ambavyo wapulizaji huviita macho ya samaki. Msasa unakuja baadaye, kamwe si kabla, maana kusugua ubao wenye mafuta ni kuyashindilia mafuta ndani. Kisha unafuta vumbi. Kisha unafunga ubao kwa shelaki. Shelaki hutoka kwa vidudu vya India na Thailand vinavyoishi matawini na kujifunika kwa utomvu wao. Watu wanaukwangua, wanausafisha, wanauyeyusha kwa spiriti. Unakauka upesi, na ukikauka umeziba kila kitu: dawa ya mvule, doa la ndizi, harufu ya moshi, dhambi zote za jiko. Baada ya hapo praima, msasa mwembamba, koti jepesi, kusubiri, msasa, koti jepesi. Uingereza na Marekani wapo watu ambao kazi yao ya maisha ni hii tu, makabati ya jikoni, na wanaondoka na milango kwenda nayo karakana, na wakikutajia muda, sehemu kubwa ya muda huo kopo la rangi halijafunguliwa. Mtu wa kawaida anaona rangi. Kazi yenyewe iko chini ya rangi, na ikifanyika sawasawa haionekani.

Kwa hiyo milango yangu ilihitaji mdudu mmoja wa India chini ya rangi. Haikumpata. Ikapata wengine juu.

Fundi alipomaliza koti la kwanza jua lilikuwa linazama. Hakuwa ameosha. Nilipomuuliza, alinijibu, "Mama, msasa ndio unaosha." Akaegemeza milango yote ukutani, uani, chini ya taa ya nje. Taa hiyo niliinunua baada ya kuibiwa kuku; ni kali, unaweza kuisomea Biblia ya herufi ndogo kutoka langoni. Sababu zake za kuiacha milango nje zilikuwa za mtu anayefikiri. Usiku hakuna vumbi la barabarani. Usiku nzi wamelala. Ndani ya nyumba tina ingetuumiza vichwa. Na taa iwake, alisema, wezi wasije wakachukua mvule. Kila sababu, ukiichukua peke yake, huwezi kuipinga.

Sasa nieleze mtego wa senene unavyofanya kazi, kwa wale walioko mbali ambao huletewa tu waliokwisha kukaangwa. Senene huruka usiku, kwa makundi, msimu mkubwa ukiwa Novemba na Desemba. Wanafuata mwanga. Zamani watu waliwaokota alfajiri kwenye nyasi, mmoja mmoja, umande ukiwalowesha. Kisha biashara ikakua, hasa kule Masaka, Uganda, na mtego wa kisasa ukapatikana: taa kali sana, na chini yake mabati mapya yanayong'aa yameegemezwa kwa kuinama, na chini ya kila bati pipa. Bati linarudisha mwanga juu, senene wanashuka kuuona, wanagonga bati, miguu inateleza kwa sababu hapana pa kushika, wanaporomoka ndani ya pipa. Ni ubunifu safi. Umeme wetu hapa Kagera, kwa miaka mingi, tumeununua Uganda, na njia yake inapita Masaka kabla ya kufika Kyaka. Kwa hiyo umeme uliokuwa ukiwasha taa yangu usiku ule ulikuwa na uzoefu.

Tazama basi nilichokuwa nacho. Ukuta mweupe. Taa kali. Vitu kumi na vinne vya bapa, vyenye kung'aa, vimeinama kwa pembe ileile ya mabati, vikielekea angani. Mtaalamu wa Masaka angepita pale angerekebisha kitu kimoja tu: angeongeza mapipa.

Nasi ni watu wa kukatiwa umeme. Unakatika tukiwa na maharusi, unakatika tukiwa na msiba, unakatika fainali ikiwa dakika ya themanini. Usiku ule haukukatika hata kwa kupepesa jicho. Uliwaka kutoka magharibi mpaka asubuhi kwa uaminifu ambao sijawahi kuuona na sitarajii kuuona tena.

Kama saa tatu hivi nikasikia kitu kinagonga ukuta wa nje. Taratibu kwanza, halafu kwa wingi. Baba watoto akasema, "Mvua." Nikasema, "Milango!" Akasema rangi ya mafuta haiogopi maji, akageuka upande wa pili. Kweli rangi ya mafuta, ikishakauka, haiogopi maji. Nikalala.

Alfajiri nilifungua mlango wa nyuma na sikuelewa ninachokiona. Ukuta ulikuwa unapumua. Kijani na kahawia, wamejaa kwenye ukuta, kwenye nguzo, kwenye kamba ya kuanikia. Kwenye milango hawakuwa wameteleza kama mabati yanavyotaka. Mvule ulikuwa umehakikisha kwamba rangi haikukauka hata kidogo, na kila aliyetua alibaki alipotua. Walikuwepo waliosimama wima, wamevaa viatu vya krimu. Waliojaribu kutembea walikuwa wamechora njia, na papasi zao ndefu zilikuwa zimechora mistari pembeni ya njia. Mlango wa kabati la sukari ulikuwa na wengi zaidi. Labda bahati, labda harufu.

Baba watoto akatoka, akatazama kuanzia mlango wa kwanza hadi wa mwisho, akarudi ndani bila kusema neno. Nilidhani amekwenda kuniletea tina. Alirudi na beseni.

Nikaanza kuwabandua. Hapo nikajifunza sheria nyingine ya viumbe. Senene ukimkamata mguu wa nyuma, anakuachia. Mguu unakatika kwenye kiungo chake, makusudi, mwenyewe anaondoka na maisha yake. Ni mbinu ya kumponyoka ndege, na kwa ndege inafaa. Kwa mlango wa kabati maana yake ni kwamba kila senene niliyemwondoa aliniachia miguu miwili, iliyosimama, yenye miba midogo, imegandia kwenye krimu. Nilipofika mlango wa tatu, nyuma yangu kulikuwa na bustani ya miguu. Wale waliokuwa wazima nao walianza kunirukia, wakitua kwenye kanga na mikono yenye rangi yao. Ndipo kuku, wale wapya, walipotoka bandani wakaiona meza imeandaliwa. Kuku hakubali kuambiwa kuwa chakula kina tina. Walidonoa mlango baada ya mlango, walipanda juu ya ule uliolala chini, wakaukanyaga ncha hadi ncha, na mpaka leo nina jogoo mwenye mdomo wa krimu anayewika kwa majivuno mapya.

Katika hali hiyo ndipo mzee jirani alipofika langoni.

Nilimjibu kwamba hawaliwi, na jibu hilo sikulitoa kwa utani. Misombo ya madini ya risasi imetumika muda mrefu kwenye rangi za mafuta, kuzipa rangi na kuharakisha ukaukaji, na madhara yake makubwa huwapata watoto, kwenye ubongo, wala hayarudi nyuma. Kopo langu halikusema lina nini. Mzee alisikiliza, akaniuliza kama ukiwachambua miguu na mabawa rangi haiondoki yote. Tukabishana. Mwishowe watoto waliwaokota waliokuwa chini na ukutani, wasiogusa mlango, wasafi kabisa. Walijaza kisado na bakuli zote na wakapita nazo mbele yangu wakinishukuru. Mtaa mzima juzi usiku umekula senene wa taa yangu. Mimi nilikula mkate.

Fundi alipokuja aliinama, akatazama ile bustani, akapapasa mguu mmoja kwa kidole. "Koti la pili litafunika," akasema.

Yaliyofuata sina nguvu ya kuyasimulia. Bawaba aliziweka zote kwenye mfuko mmoja na hakuna aliyeiandika milango namba. Mlango mmoja ulirudishwa mapema, ukanatana na fremu, ukafungia majani ya chai. Fundi mwenyewe akaaga kwenda Nkwenda kuchukua msasa, nami nikabaki nangoja.

Mwezi Novemba 1861 wapelelezi wa Kizungu Speke na Grant walifika Karagwe kwa Mukama Rumanyika, wakapokewa vizuri. Speke aliendelea na safari Januari. Grant, mguu ukiwa na kidonda kisichopona, alibaki hapa mpaka Aprili 1862. Zamani niliposoma habari hiyo nilimwonea huruma. Siku hizi namwona mtu aliyekuwa na bahati, kwa kuwa alijua anachokingoja. Mimi ninaishi na makabati yasiyo na milango, na mpaka uishi hivyo hujui mlango unakuhifadhia heshima kiasi gani. Wageni wa jumuiya walikaa sebuleni, jiko likiwa wazi mbele yao, wakasoma maisha yangu rafu kwa rafu: chumvi ndani ya kopo la maziwa ya mtoto ambaye sasa ana ndevu, sahani za wageni ambazo wao hawakuwekewa, na ile chupa ya chai waliyonipa zawadi, ikiwa bado na karatasi yake.

Niseme na jambo linaloniuma kweli. Lile kopo lilikuwa na maelezo. Yaliandikwa kwa Kiingereza, herufi ndogo, na nilipoyasoma kwa taa yangu ile maarufu niliyakuta yote: uso uwe safi, mkavu, usio na mafuta. Kopo limeuzwa kwenye nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61 na zaidi, na aliyeliandika hakuona haja ya kutuambia kwa Kiswahili tuoshe kwanza. Fundi wangu naye hakuna aliyewahi kumwambia. Alianza akiwa saidia fundi, akibeba ndoo, akisugua, akipangusa, kwa ujira wa chini kuliko wote pale kazini, na kupanda cheo kwake kulikuwa na maana moja: kuachana na ndoo. Angewezaje kuipenda? Kuosha ni kazi ya yule asiyejua kazi. Mteja halipii kuosha kwa sababu haoni kuosha, fundi haoshi kwa sababu halipwi, na rangi inabanduka kwa wote wawili.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mhaya, na kwao, enzi hizo, senene walikuwa chakula cha wanaume. Wanawake waliamka alfajiri, wakawaokota kwenye umande, wakawachambua mguu kwa mguu, bawa kwa bawa, wakawakaanga, wakawafunga vizuri kumpelekea mume. Wao mwiko kuonja. Nilipokuwa mdogo nilisimuliwa hayo kama mambo ya kuchekesha ya zamani, nami nilicheka. Nilipokuwa nimepiga magoti uani juzi, nachambua miguu kwenye mlango wa kabati huku baba watoto akiuliza kama beseni limejaa, sikuona kichekesho.

Na kianzio nacho! Tunaoishi na kahawa tunaijua butura: mnunuzi anakuja kahawa ikiwa bado ina maua, anakupa pesa kidogo kwa sababu ada ya shule haisubiri, na mavuno yakifika si yako. Serikali imeikataza, viongozi wameihutubia kila msimu, na kila mmoja anajua ni unyonyaji. Lakini fundi akichukua pesa yangu ukuta ukiwa mtupu na kutokomea nayo, hiyo inaitwa utaratibu. Novemba, wakati mavuno yameshaliwa na mapya yako kwenye maua, nililipa nusu ya kazi ambayo haijaota. Pembejeo, yaani rangi na msasa, nikanunua mimi. Hatari ya ukame, mvua na wadudu nikabeba mimi.

Leo jioni fundi amerudi. Nampa haki yake: amerudi. Inaonekana huko Nkwenda kuna mtu amemkalisha chini, maana amekuja na karatasi mpya iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu na ya bluu. *Kukwangua rangi ya zamani. Kuosha kwa maji moto na soda, mara tatu. Kukausha. Msasa. Shelaki. Praima. Rangi koti mbili, ndani ya nyumba, taa izimwe.* Kila mstari na pesa yake mbele. Kupaka rangi kulikuwa shilingi elfu hamsini. Kuosha, shilingi elfu tisini.

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikarudia nikiwa nimekaa.

"Fundi," nikamwambia, "hii ya kuosha ndiyo inazidi ya kupaka?"

"Ndiyo, mama. Kuosha ndiyo kazi."

Nikamrudishia karatasi na kalamu.

"Sawa," nikasema. "Sasa hapo kwenye kuosha, punguza."